Niliondoka Kabla ya Amina

Wengi wenu mmeiona ile video. Siku ile kule Gahanna, karibu na Columbus, kwenye mkutano wa vijana wa makanisa yetu, mliionyesha ukutani kabla hata sijapewa kipaza sauti. Watu wa kanisa wamesimama kando ya barabara huko Louisville, wamefumba macho, mikono wameinyoosha mbele. Katikati yao mwanamume mweusi mwenye kofia ngumu na kaptura ya kubana anachungulia kwa jicho moja, anapanda baiskeli yake, anatoroka. Mlicheka mpaka viti vikalia. Mmoja wenu akapiga kelele, "Tonton, ulimukimbia Mungu, for real!"

Kisha mkanipa kipaza sauti na kuniomba robo saa juu ya ndoto. Nije niwaambie kwamba mtoto wa milimani aliota, akaendesha baiskeli, akawa mwendeshaji wa kulipwa Ufaransa, na ninyi mkiota mtafika. Nikasema nina mafua, nikaketi. Mafua yenyewe hayakuwepo, ilikuwa hasira. Sasa nimerudi Buffalo, niko mezani kwa mama yangu, hasira imepoa kiasi cha kushika kalamu. Nawaandikia nilichoshindwa kusema siku ile, na mwenye haraka aishie hapa, simlaumu.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Mtu akisikia "mwendesha baiskeli wa kulipwa" anafikiri mtu anayeshinda. Mimi nilifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja, sikushinda hata mara moja, na wala sikuajiriwa nishinde. Kila timu ina kapteni mmoja anayetafutiwa ushindi. Waliobaki ni wa kumhudumia. Wafaransa wana jina la kazi hiyo, na maana yake ni mtumishi wa nyumbani. Kwetu Kivu tungesema boi. Nilikuwa boi wa barabarani mwenye mkataba na jezi safi.

Boi anakata upepo. Anayekaa mbele anapigwa na upepo, anayemfuata nyuma kwa karibu anapumzika. Basi mimi nakaa mbele saa nne, kapteni anakaa nyuma yangu saa nne, halafu karibu na mwisho yeye anachomoka na miguu mipya, mimi nafika wa mia na kitu nikiwa sijiwezi. Boi pia anachota maji. Unarudi nyuma hadi kwenye gari la timu, unajazwa chupa nane: mifuko ya mgongoni inajaa, moja inaingia kifuani ndani ya jezi, nyingine nyuma ya shingo. Halafu unapanda tena kulipita kundi zima ukiwa umevimba hivyo, na mlima haukuonei huruma. Chupa ya kwanza ni ya kapteni, na unampa ikiwa imefunguliwa. Anakunywa nusu, anaitupa.

Kapteni akipata pancha na gari liko mbali, unampa gurudumu lako na kubaki pale kando ya barabara na baiskeli yenye mguu mmoja. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yetu kubwa. Nilikuwa nalitoa gurudumu kwa sekunde tisa, na kuna wanaume walioheshimiwa nchi nzima ambao hawakuweza kulitoa kwa kumi na tano.

Mengine nawapa bure. Kula kabla hujasikia njaa, kwa sababu ukiisikia umeshachelewa. Usishike breki kwenye kona, shika kabla ya kona. Na ninyi mnaokwenda kazini kwa baiskeli hapa West Side, upepo wa ziwa ukivuma, fanyeni kama tulivyofanya tukishuka milima ya theluji: gazeti ndani ya koti, kifuani. Najua hamsomi magazeti. Basi chukueni kipande cha boksi huko ghalani mnakopakia mizigo, maboksi hayajawahi kuwapungukia.

Aliyenifundisha kazi hakuwa mwendeshaji. Alikuwa fundi wa timu, mzee Gaston, mwenye vidole vyeusi hata siku ya harusi ya binti yake. Kila jioni alinisimamia nioshe baiskeli yangu mwenyewe, ingawa kuosha ilikuwa kazi yake: maji, sabuni, brashi, cheni mwisho. "Uchafu unaficha ufa," alisema. Na akaniambia jambo jingine ambalo nililipenda wakati ule na leo silipendi: "Boi mzuri haonekani kwenye picha." Nilijifunza vizuri sana. Katika picha zote za miaka ile mimi ni goti, au ni nusu ya kofia.

Makosa nilifanya mengi. Mwaka wa kwanza, kwenye mteremko wenye mvua, watu kumi walianguka mbele yangu. Nikashika breki, nikashuka, nikaanza kuwapitia mmoja mmoja. "Pole. Pole sana. Pole, ndugu." Nililelewa na baba mdogo, na ingawa tulikuwa Ufaransa, nyumbani kwake hupiti mtu aliyeanguka kama unapita jiwe. Kundi likaenda zake. Kapteni akakaa bila maji nusu saa nzima. Jioni mkurugenzi wa timu, yule anayetuongoza kutoka kwenye gari, aliniita mbele ya wote. "Hapa hatusemi pole," alisema. "Tunasema heri si mimi, halafu tunapiga pedali." Wenzangu walicheka kama ninyi mlivyocheka Gahanna. Mimi pia nilicheka, na tangu siku hiyo sikusimama tena kwa ajili ya mtu aliyeanguka. Nasema hivi mjue kwamba ile tabia haikunitoka kwa siku moja. Ilinitoka kidogo kidogo, na kila kilichotoka nililipwa kwa ajili yake.

Kazi nayo ilibadilika. Nilipoanza, kapteni alikuangalia tu ukajua. Alishika kofia, maana yake maji. Alipiga paja, maana yake polepole. Baadaye wakatuletea kifaa cha kuvaa sikioni, mkurugenzi akawa anazungumza nasi toka garini saa zote: kula, sogea, vuta, acha. Gaston alikitazama kile kifaa cheusi kidogo kiganjani mwake, akasema, "Sasa wamekuwekea bosi ndani ya kichwa." Nikamcheka kama mzee aliyepitwa na wakati. Ninyi simu zenu zinawaita kazini hata mkiwa kanisani. Pale pale Gahanna nilimwona binti mmoja anatoka katikati ya maombi na simu sikioni kwa sababu ghalani walimtaka. Sikuweza kumkemea. Ningemkemea kwa uso gani?

Sasa mama.

Nilizaliwa milimani juu ya Uvira, kwa watu wa ng'ombe. Nikiwa na miaka tisa, baba mdogo, aliyekuwa akisomea uuguzi Ufaransa, alinichukua nikasome. Mama aliambiwa ni miaka miwili. Vita vikaingia, mama na dada yangu Riziki wakakimbilia Burundi, wakaishia kambini, na ile miaka miwili ikawa ishirini na minne. Nikapata pasipoti ya Kifaransa. Wao wakapata, baada ya mahojiano yasiyoisha, ndege ya kuwapeleka Louisville, Riziki akaanza kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Kila Jumapili nilimpigia mama simu. Sauti yake niliijua. Uso wake wa sasa sikuujua, kwa sababu picha za Riziki zote zilikuwa za mama akiwa amevaa koti na kukunja uso kwa baridi.

Halafu mwaka ule timu yetu ikaalikwa kwenye mbio za siku tano huku Marekani, na siku ya pili njia ilipita Louisville. Riziki aliitafuta ramani akaona mbio zinapita mbele kabisa ya kanisa lao. Mama akaninyang'anya usingizi kwa swali moja kwenye simu.

"Utasimama kweli? Juu mi sitaki nikuone kama vile gari inapita."

"Nitasimama, mama."

"Apa."

"Mama, mbele ya Mungu nitasimama."

Na ningeweza, kwa sababu katika mbio kuna desturi nzuri, labda ndiyo nzuri pekee niliyoikuta humo. Mbio zikipita nyumbani kwa mwendeshaji, wenzake wanapunguza mwendo, wanamwacha atangulie. Anafika kwa watu wake, anabusu mke, anabeba mtoto, wenzake wanamkuta pale, anapanda tena. Hakuna anayemshambulia, yaani kuchomoka kwa kasi ili kumwacha nyuma, hakuna anayelalamika. Louisville haikuwa nyumbani kwangu, sikuwahi kulala hata usiku mmoja pale. Lakini mama alikuwa pale.

Aliyeniombea ruhusa ni kapteni mwenyewe, Bertrand. Asubuhi alipita kwa wakubwa wa timu nyingine mmoja mmoja, akiwaambia, "Huyu hajamwona mama yake tangu utoto." Wote wakakubali. Nataka mlijue hilo, Bertrand hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningekuwa na mtu wa kumchukia, na mambo yangekuwa rahisi.

Basi tulipokaribia, kundi likapoa. Bertrand akanigusa mgongo akasema, "Nenda." Nikachomoka peke yangu, mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi barabara yote ikiwa yangu. Nilikuwa na dakika mbili, pengine mbili na nusu. Nikawaona kwa mbali: vitenge, viti vya plastiki vyeupe, kwaya wamejipanga. Nikawatafuta wanawake kwa macho, nikiogopa kumdhania mwanamke mwingine kuwa mama. Sikukosea. Alikuwa amesimama mbele ya wote, mfupi kuliko nilivyomkumbuka, na kibuyu mkononi, kibuyu cha kwetu chenye kifuniko cha kusukwa. Nikajua ni maziwa. Kakitoa wapi kibuyu Louisville, sikupata nafasi ya kuuliza.

Nikasimama hatua mbili mbele yake, baiskeli katikati ya miguu.

"Njo weye?" akauliza, kama ni mimi kweli.

"Njo miye, mama."

Nikataka kushuka. Mama akapiga hatua. Na pasta, mtu mwema, mtu ambaye alikuwa amengoja siku hiyo kama mama, akainua mkono wake juu.

"Bandugu, tusianze na bantu. Tuanze na Mungu kwanza. Tufunge macho yetu, tumunyooshee huyu mutoto mikono."

Mnajua kwetu. Ukitoka safari, Mungu anasalimiwa kwanza, kisha ndipo watu wakumbatiane. Mama alisimama pale pale alipokuwa, akafumba macho, akanyoosha mkono wake wa kulia kwangu, kibuyu kikiwa kushoto. Mkono wake ulikuwa umbali wa mkono mwingine kutoka kifuani kwangu. Hatukuwa tumegusana bado. Mimi pia nikafumba macho.

Pasta akaanza na milima. Akamshukuru Mungu kwa ajili ya baba mdogo, kwa ajili ya Burundi, kwa ajili ya kambi. Hamjui sala fupi ya pasta wetu na mimi pia sijui. Kundi likatupita, mlio wake ule wa cheni mia moja pamoja, upepo wake ukapepea vitenge, na hakuna aliyefumbua macho. Nikajisemea: acha waende, nitawakamata. Pasta alikuwa amefika kwenye ndege iliyowaleta Amerika. Na hapo bosi aliye ndani ya kichwa changu akazungumza.

"Bertrand ana pancha. Ameshapewa gurudumu, yuko peke yake nyuma. Wamemshambulia. Sadiki, panda. Anakufikia baada ya nusu dakika. Panda sasa."

Kuna adabu ya kutomshambulia mwenye pancha, lakini siku hiyo adabu ililala. Na mimi nilijua hesabu yake: Bertrand akifika pale nilipo na mimi nimesimama, hawezi kuningoja. Lazima anikute nikiwa kwenye mwendo, ajibanze nyuma yangu, nimvute.

Nikafumbua jicho. Hiyo ndiyo sehemu mliyoicheka. Nilimtazama mama. Midomo yake ilikuwa inafuata maneno ya pasta bila sauti. Ningeweza kuinua mkono wangu tu na kugusa vidole vyake. Mara nyingi sana nimefikiri kwa nini sikufanya hivyo. Niliogopa kwamba nikimgusa atafumbua macho, na akifumbua macho sitaweza kuondoka. Kwa hiyo niliondoka kama nilivyofundishwa, bila kelele, bila kuonekana. Niliiondoa baiskeli kutoka katikati ya watu wa Mungu kama mwizi anavyomtoa mbuzi zizini.

Bertrand alinifikia, akajibanza. Nilivuta kilomita ishirini na tano na sikumruhusu mtu yeyote kunisaidia. Nililia njia yote. Kwenye baiskeli kila uso una maji, kwa hiyo hakuna aliyejua. Tuliwakamata.

Vijana wangu, video mliyoionyesha imekatwa. Aliyeikata aliishia pale ninapotoka nje ya picha, ambapo ndipo pa kuchekesha. Nzima ninayo mimi. Dada mmoja wa kwaya ndiye aliyeipiga, yeye hakuwa amefumba macho, Mungu amsamehe. Baada ya mimi kutoka, sala inaendelea bado. Mikono yote imenyooshwa kwenye hewa tupu. Pasta anamwomba Mungu anilinde na ajali. Kisha amina. Watu wanafumbua macho. Mama anatazama pale nilipokuwa. Halafu anatazama chini, anafikiri nimeanguka. Halafu anageuka nyuma yake haraka, na hapo ana tabasamu, kwa sababu amefikiri nimezunguka nimkumbatie kutokea nyuma. Ndipo video inakwisha.

Mbio ziliishia Columbus, na Bertrand akashinda. Jukwaani walimpa maua na kipaza sauti. Akawashukuru wafadhili, mkurugenzi, fundi, mke wake, na mbwa wake aliyebaki Ufaransa. Sisi alituita "wavulana". Jioni ile tulirudishwa uwanja wa ndege, ule ule ulio karibu na mahali mlipofanyia mkutano wenu. Toka Columbus hadi Louisville ni saa tatu na kidogo kwa gari. Ningeweza kuomba siku mbili. Mkurugenzi angekunja uso, kisha angenipa. Sikuomba. Wiki iliyofuata kulikuwa na mbio nyingine, na mimi nilikuwa boi mzuri.

Nilipiga simu toka uwanjani. Akashika Riziki.

"Mama analala," akasema.

"Ni saa kumi na mbili ya jioni, Riziki."

"Bon, donc analala."

Miezi minne baadaye timu haikunipa mkataba mpya. Mkurugenzi alinipigia akiwa anaendesha gari, nilisikia kiashiria cha kona kikilia. Alisema wanataka miguu ya ujana. Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Katika kazi yetu huo ni uzee, mnaweza kucheka hapo. Fadhila za punda ni mateke, na mimi nilijua hilo toka mwanzo, lakini nilifikiri mimi ndiye mwenye punda. Bertrand alinitumia ujumbe wenye picha ya dole gumba. Gaston peke yake ndiye aliyekuja nyumbani. Alileta lile gurudumu nililovuta nalo siku ya Louisville, amelisafisha, akaliegemeza mlangoni. Alipokuwa anatoka aliniuliza, "Na mama yako?" Nikasema hajambo.

Mtaniuliza kwa nini sikupanda ndege kesho yake, sasa kwa kuwa sikuwa na bosi tena. Nawajibu kweli: aibu. Nilikuwa nimemwacha mama kwa sababu ya kazi, na kazi yenyewe ikaniacha. Ningemwambia nini, kwamba hata kile nilichokimbilia sikukipata? Nikafungua duka dogo la kutengeneza baiskeli, nikauza kengele na vikapu kwa wastaafu, kila mwaka nikisema mwaka ujao. Simu za Jumapili ziliendelea. Mama aliuliza kama nimekula, mimi niliuliza juu ya magoti yake. Louisville hatukuitaja. Wao walihamia Columbus, Riziki alipopata kazi nzuri zaidi ghalani, kisha wakaja Buffalo ambako bei za nyumba zilikuwa za kufikika, na kote huko mimi sikuwepo. Asiyekuwepo na lake halipo. Wajukuu walizaliwa, wakabatizwa, wakaanza kujibu kwa Kiingereza, nami nilikuwa sauti kwenye simu.

Nilipokuja, magoti ya mama yalikuwa yameshakataa ngazi. Riziki alinipokea uwanja wa ndege, akaniangalia tumbo akasema, "Bon, angalau hauwezi tena kukimbia." Ulikuwa utani. Nadhani ulikuwa utani.

Mama alikuwa jikoni, amekaa, anachambua sombe, majani ya muhogo, alilonunua mtaa wa Grant. Safari hii hapakuwa na pasta. Nilipiga magoti mbele yake, nikashika mikono yake yote miwili, na ilikuwa na maji ya mboga. Akaniacha niishike. Kisha akasema, "Umekula?" Tukala bugali na sombe, na akamwambia Riziki aniletee maziwa, ya dukani, ya galoni, kwenye kikombe cha plastiki. Alikuwa mkarimu kwangu kama kwa mgeni yeyote.

Nimekaa hapa sasa mwaka wa tatu. Kazi yangu ni kumpeleka kliniki, kumkanda magoti kwa mafuta, na chini kwenye besimenti nawatengenezea baiskeli zenu. Gurudumu la Gaston liko ukutani huko, mmoja wenu aliniuliza kama naliuza. Na kwa muda mrefu nilifikiri kwamba yale ya Louisville yamekwisha, kwa sababu hakuna aliyeyataja. Nilijidanganya kwa raha zangu.

Nilijua juzi tu, niliporudi kutoka Gahanna na ile hasira yangu. Chakula kilikuwa mezani. Mama akaanza kuomba, na mama naye ana sala ndefu. Alifika kwa wajukuu, akaenda kwa wagonjwa, akaenda kwa walioko milimani ambako bado kunaungua. Mimi nilikuwa na vicheko vyenu kichwani, sikuweza kutulia. Nikafumbua jicho.

Mama alikuwa ananitazama. Sauti yake ilikuwa kwa Mungu, haikutetereka hata kidogo, lakini macho yake yalikuwa wazi, makavu, yamekaa kwangu. Nilimtazama Riziki: amefumba. Watoto: wamefumba. Nikamtazama mama tena. Hakuona haya, wala hakuyaondoa macho.

"Mama," nikasema, katikati ya sala, kitu ambacho hakifanywi. "Unaomba macho wazi?"

Akaiacha sala. Riziki akafumbua macho, akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo nyumba nzima inalijua.

"Toka Louisville," mama akasema. "Ukiwa hapa, siwezi kufunga."

"Miaka mitatu?"

"Sasa ungejua namna gani? Weye unafunga."

Nikamwambia yale ambayo nilikuwa nimeyabeba muda wote huo. Nikamwambia nisamehe, mama. Nikamwambia, ile sala ya Louisville haikuisha, tuimalize leo, nitakaa mpaka mwisho.

"Ile ilikwisha," akasema, bila ukali. "Tuliimaliza. Tulisema amina bote. Ni weye haukukuwa." Akasogeza sahani yangu karibu nami, kwa sababu bugali ilikuwa inapoa. "Nilisha kukusamehe zamani, Sadiki. Iko kitu ingine. Mungu mi namwamini, anasikia hata macho ikiwa wazi. Weye njo mi naangaliaka."

Kisha akarudi pale alipoiachia sala, kwa walioko milimani, akaendelea kuomba huku ananitazama. Sikufumba macho. Nikaiweka mikono yangu yote miwili juu ya meza, mahali anapoiona, nikaiacha pale mpaka amina.